Upande wa Kwanza wa Nguo Kambani

Neville Entwistle alikuwa na orodha ya watu waliomuua mkewe, ingawa mkewe alikufa kwa saratani, kitandani mwake, Februari ya mwaka juzi. Wa kwanza walikuwa wakubwa wa kampuni ya muziki kule London. Wa pili, mtangazaji mmoja wa redio. Wa tatu, wenye kiwanda cha santuri alichofanyia kazi Neville mwenyewe miaka kumi na mmoja. Wakafuata serikali, halmashauri ya mji, na daktari aliyesema ni gesi tu. Orodha hiyo aliipitia kila asubuhi akisubiri birika lichemke, mmoja baada ya mwingine, asimruke hata mmoja.

Kosa lao wote, kwa hesabu yake, lilianzia kwenye albamu. Mwaka 1987 mkewe, Janine, na wenzake watatu wa hapo hapo Bacup, mji mdogo wa kaskazini mwa Uingereza, walitoa santuri moja, wakaiita Nguo Kambani. Nyimbo kumi, dakika thelathini na nne. Gitaa la Janine lilikuwa la nyuzi kumi na mbili, na mlio wake ulikuwa kama mvua inapoanza kugonga kioo, kabla hujaamua kama utoke ukaanue au usubiri. Sauti yake hakuipandisha kutafuta makofi. Aliimba kama mtu anayeongea na jirani huku anatundika shuka. Aliimba habari za basi lisilosimama, na za baba aliyeachishwa kazi kiwanda cha nguo lakini anaendelea kuamka saa kumi na moja alfajiri na kuvaa buti zake. Kila aliyeusikia wimbo ule wa baba alikaa kimya kwanza. Shida ni kwamba waliousikia walikuwa wachache mno. Haikupita miezi mitatu, santuri ikarudishwa kutoka madukani, na Janine akabaki kwenye meza yake ya kufungasha, kwenye kiwanda kile kile cha santuri alikofanya kazi Neville. Hakutunga tena.

Alhamisi moja, baada ya chakula cha mchana, alikuja Saima Kauser. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye duka la santuri huko Todmorden, mji wa jirani. Nguo Kambani aliiokota kwenye sanduku la vitu vya msaada kanisani, akaipenda kiasi cha kukosa raha. Sasa alitaka kuitoa upya, na Neville, akiwa mrithi, ndiye wa kutia sahihi. Hii ilikuwa mara yake ya tatu kuja. Alikaa jikoni bila kuvua koti la mvua, maana Neville hakuwasha kipasha joto cha nyumba kabla ya Novemba hata kwa malkia.

"Umeyasoma maelezo ya jalada, Mzee Neville?"

"Miwani iko juu."

"Iko kichwani mwako."

Neville akaishusha machoni, akanung'unika kwamba siku hizi hata miwani wanaitengeneza nyepesi ili mtu aipoteze akanunue nyingine.

"Basi nisomee wewe. Una sauti ya shule."

Saima akasoma. "'Nakala mia tano za kwanza, zilizopelekwa redioni na magazetini, zilitoka na lebo, zile karatasi za katikati, zimebadilishana. Lebo ya upande wa kwanza ilikaa upande wa pili, na ya pili ikakaa wa kwanza. Mtangazaji alitaja wimbo wa haraka, ukatoka wa polepole. Akainua sindano hewani, akacheka kwamba bendi hii haiijui hata santuri yake, na hakuipiga tena. Kosa lilikuwa la msimamizi wa zamu, Wilfred Cropper, aliyefukuzwa kazi wiki hiyo hiyo.' Ni sawa?"

Neville alikuwa anakoroga chai isiyo na sukari.

"Mbona kampuni hujaiweka? Walikataa kuzichapa upya. Na kanda zenyewe za studio walizitupa kwenye jalala walipohama ofisi. Andika hilo."

"Nimeandika, ukurasa wa pili. Nimeandika na kwamba walikuwa mabwege."

"Andika kwa wino mzito."

"Nitaweka wino mzito. Lakini hili la lebo, ni sawa?"

"Ndivyo watu walivyosema."

"Basi tia sahihi hapo chini, Jumatatu inaenda kwa mchapaji. Halafu kuna lile jingine nililokuomba. Kanda hazipo, kwa hiyo lazima tunakili kutoka santuri safi. Yangu mimi ina mikwaruzo kama ilitandikiwa paka."

Neville alishika kalamu, akaiweka chini, akapanda ghorofani. Nakala ya Janine ilikuwa kabatini, ndani ya foronya, chini ya sweta zake. Janine hakupenda ipigwe nyumbani, na alipokufa Neville hakuweza hata kuigusa. Aliishusha amekumbatia foronya yote, kana kwamba ndani mna yai.

Saima alinawa mikono, akaifuta mpaka ikakauka, ndipo akaivuta santuri kwa kingo zake. Kikatoka nayo kipande cha kadi ya kahawia, kikaanguka karibu na sahani ya biskuti.

"Hiki nini, mzee? Kuna tarehe. Kumi na mbili Machi. Halafu saba. Halafu N.E."

Neville hakuhitaji miwani. Kila boksi lililotoka kiwandani lilitiwa kadi kama ile, yenye tarehe, namba ya mashine, na herufi za kwanza za majina ya mtu aliyesimama kwenye mashine hiyo. Mashine saba ilikuwa yake.

Zamu ile aliiomba mwenyewe. Alimsumbua Wilf Cropper wiki nzima: niachie ya Janine, Wilf, niichape kwa mkono wangu. Wilf akacheka, akasema haya, bwana harusi, chukua. Asubuhi ile Wilf akamkabidhi lebo mafungu mawili, yamefungwa sawasawa na kuandikwa juu: hili la juu, hili la chini. Kazi ilikuwa ndogo. Unachomeka fungu moja kwenye kipini cha juu cha mashine, jingine kwenye cha chini, unaweka donge la plastiki ya moto katikati, mashine inafumba, inatoa mvuke, inafumbua, na santuri imezaliwa na lebo zake. Aliifanya kazi hiyo mara elfu. Lakini siku ile alifungua mafungu yote mawili kwa pamoja ili alisome jina la mkewe. Janine Entwistle, maneno na muziki. Alilisoma kwenye lebo hii, akalisoma kwenye ile, akawa anacheka peke yake kwenye mvuke. Aliporudisha mafungu kwenye vipini, la juu likaenda chini.

Kwa desturi, mkaguzi alikuwa anatoa santuri moja katika kila hamsini na kuisikiliza. Mkaguzi huyo walimwachisha Januari, kupunguza watu. Hilo ni kweli, na Neville alilisema kweli kwa miaka yote. Ambacho hakukisema ni kilichobaki. Mashine tatu zilikuwa zinachapa santuri ile wiki ile, na wakubwa walipotaka mtu wa kufukuza, kadi za maboksi mabaya hazikuonekana. Wilf, aliyetia sahihi karatasi ya zamu, alisimama mbele yao akasema labda ni yeye aliyeyatoa mafungu vibaya. Neville alikuwa hatua sita kutoka pale. Wiki mbili nyuma yeye na Janine walikuwa wamepewa ufunguo wa nyumba hii. Alimtazama Wilf akichukua koti lake kwenye msumari, akageukia mashine.

Na maboksi yale yalifunguliwa kwenye meza ya kufungasha. Meza ya Janine.

"Mzee? Umepauka. Nikupe maji?"

"Alikuwa nayo," Neville alisema. "Yeye ndiye aliyezitoa kadi. Miaka yote hiyo alikuwa nayo."

Alijua, basi, tangu wiki ya kwanza. Alijua siku walipokaa jikoni hapa hapa, redio ikicheka. Alijua kila Neville alipopiga meza akiwalaani watu wa London mbele ya viazi vilivyopoa, naye akamwambia, "Basi, Nev. Kunywa chai yako." Miaka thelathini na mitano ya kunywa chai yako.

"Hiyo karatasi yako ina uongo," akasema.

"Wapi?"

"Cropper. Mfute."

"Nimfute, halafu niweke nani?"

Neville aliivuta karatasi. Alikata jina la Wilfred Cropper kwa mstari mmoja, na juu yake akaandika kwa herufi zake kubwa za mtu aliyeacha shule akiwa na miaka kumi na mitano: NEVILLE ENTWISTLE, MASHINE SABA. Kisha akatia sahihi.

Saima aliitazama karatasi, akaitazama kadi. Alikuwa na maswali mengi, ilionekana, lakini akauliza moja.

"Huyu Mzee Cropper yu hai?"

"Nyumba ya tatu kupita uwanja wa mpira. Tunaitikiana kwa kichwa."

"Kwa kichwa tu?"

"Hapa kwetu hayo ni mazungumzo."

Saima hakucheka. Alichukua begi alilokuja nalo, lenye mashine ndogo ya kupigia santuri. "Mimi gari ninalo," akasema.

Mlango wa Wilf Cropper ulifunguliwa na Wilf mwenyewe, miaka themanini na minne, amevaa ndara na sweta lililofungwa kifungo kimoja chini ya pale kilipopaswa.

"Entwistle," alisema. "Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi umepotea njia. Hujagonga mlango huu tangu nikiwa na nywele."

Neville akampa kadi. Wilf aliisogeza mbali na uso, akairudisha karibu, akaisogeza tena.

"Saba," alisema. "Saba ilikuwa yako."

"Yangu."

"Hii ni ya wiki ile."

"Ni ya maboksi yale. Ulinipa sawasawa, Wilf. Mimi ndiye niliyezigeuza."

Mzee yule alishika fremu ya mlango. Alisema bila kumtazama Neville. Alikuwa anatazama mapipa ya taka upande wa pili wa barabara.

"Doreen alikuwa ananiuliza. Wilf, siku ile ulikuwa unawaza nini? Namwambia sijui, mke wangu, sikumbuki kukosea. Mpaka anakufa namwambia sijui. Mimi nilidhani kichwa changu ndicho kibovu, Entwistle. Nimekaa na kichwa hiki miaka thelathini na saba nikidhani ni kibovu."

"Wasingemwondoa mkaguzi, wale wakubwa, isingefika..."

"Usianze."

"Ni kweli, lakini."

"Ni kweli. Walikuwa washenzi, sote tunajua. Lakini si wao walioniona nikichukua koti langu. Walikuwa ghorofani. Uliyeniona ni wewe."

Orodha ya Neville ya kila asubuhi ilimjia yote, jina kwa jina, na hakuona wa kumtaja.

Wilf alimgeukia Saima. "Na wewe binti, wa nani? Umekuja kuniuzia madirisha?"

"Hapana, mzee. Naitoa upya albamu ya Mama Janine. Nilikuwa karibu kukuandika vibaya. Nimekuja kusema samahani."

"Hicho kibegi?"

"Mashine ya santuri."

"Na santuri unayo? Yenyewe?"

Saima alionyesha foronya chini ya kwapa. Wilf aliitazama kwa muda mrefu.

"Sijawahi kuisikia," alisema. "Mtu akiitaja nilikuwa natoka chumbani. Mara moja waliipiga kwenye sherehe ya kufunga mwaka, nikaenda kusimama uani kwenye theluji." Akajisogeza mlangoni, akaacha nafasi ya mtu mmoja. "Ingia. Vua viatu, zulia ni la Doreen." Kisha kwa Neville: "Wewe, hapana."

"Sawa, Wilf."

"Usiniambie sawa."

Saima alipopita, Neville alimshika mkono wa koti. "Anzia ule ulioandikwa upande wa pili," alimwambia. "Huo ndio wa kwanza."

Mlango ukafungwa. Neville alibaki kwenye njia nyembamba kati ya ukuta na mapipa. Mvua ilikuwa ile ya kwao, isiyonyesha wala isiyokoma. Dirisha la sebuleni lilikuwa wazi kiasi cha vidole viwili, maana Wilf alikuwa na kifua. Alisikia viti vikisogezwa, na Saima akiuliza soketi iko wapi. Kisha sindano ikagusa santuri.

Gitaa lilianza. Alikuwa amesahau kwamba linaanza peke yake, nyuzi zote kumi na mbili, bila ngoma, na kwamba Janine anavuta pumzi kabla ya neno la kwanza. Pumzi yenyewe ilisikika. Neville aliegemea ukuta wa mawe, maji yakimwingia kwenye kola.

Mwanamke mmoja alipita na mbwa, akamwuliza kama amefungiwa nje.

"Nimefungiwa, ndiyo," alisema.

"Pole, mzee. Nani huyo anaimba? Ana sauti nzuri."

"Mke wangu."

Mwanamke akasimama kidogo, mbwa naye akakaa, wakausikia mpaka mwisho ule wimbo wa basi lisilosimama, kisha wakaenda zao. Nyimbo tano zikaisha, na ule wa baba mwenye buti ulikuwa wa mwisho upande huo. Sindano ikabaki inakwaruza katikati, pale pasipo na wimbo. Ndani hapakuwa na sauti ya mtu. Neville alihesabu mizunguko: kumi, ishirini, thelathini. Aliwaza kwamba mzee ataivunja, na kwamba anayo haki.

Kisha sauti ya Wilf Cropper ikatoka dirishani, nzito, kama ya mtu mwenye mafua.

"Geuza."