Nilimfundisha Kusema Ndiyo

Wiki mbili kabla ya kikao nilimkalisha binti yangu mezani nikamwambia, "Nikishika sikio, unasema ndiyo. Nikikuna pua, unasema hapana. Umeelewa?"

"Ndiyo."

"Sijashika sikio bado."

Alicheka mpaka chai ikamtoka puani.

Nyumbani tunamwita Kidosho. Ana miaka ishirini na saba. Alichelewa kukaa, akachelewa kutembea, akachelewa kusema, na madaktari walipochoka kumpima wakaandika kwamba akili yake itakwenda polepole maisha yake yote. Nguo anakunja vizuri kuliko mimi. Kuoga peke yake hawezi, kwa sababu ana kifafa, na kifafa hakibishi hodi. Akianguka bafuni bila mtu, ndoo moja ya maji inatosha kummaliza.

Kikao kilinitia hofu kwa sababu ofisi ya ustawi wa jamii ilikuwa imebadili utaratibu. Zamani wao na mzazi ndio walioamua msaidizi gani aje, saa ngapi, afanye nini. Sasa mwenye ulemavu ndiye anayeelekeza. Afisa anamuuliza yeye, mzazi anakaa pembeni kama mgeni wa harusi asiyejulikana ni wa upande gani. Mtu akionyesha kwamba anaweza kuchagua, hata kwa kusaidiwa, anabaki nyumbani na mpango wake. Akishindwa, faili lake linahamia Makao, nyumba ya serikali ya wasio na wa kuwatunza.

Makao nilikwenda kuyaona. Vitanda kumi na vinne chumba kimoja, makomeo upande wa nje. Mwanamke wa rika langu alikuwa amevalishwa blauzi mbele nyuma, na hakuna aliyeona haja ya kumgeuzia. Nilipotoka pale nilikaa kituoni, mabasi matatu yakanipita.

Mimi nimesomea ugavi, nina diploma, na kazi yangu ni kuhakikisha kitu kipo kabla hakijahitajika. Kwa hiyo nikayaandaa majibu. Kila jioni tulifanya mazoezi. Unapenda kukaa nyumbani? Sikio. Unataka kwenda Makao? Pua. Unataka Sista aendelee? Sikio.

Sista ni muuguzi mstaafu. Nilimchagua mwenyewe mwaka uliotangulia kati ya watu sita, awe msaidizi wa Kidosho. Alikuwa na vyeti vitano ndani ya bahasha ya plastiki na viatu safi. Alifika saa moja kamili kila siku nami nikaenda kazini roho kwatu.

Kwenye swali la Sista, Kidosho alikuwa anachelewa. Nikadhani amechoka. Tangu miezi miwili nyuma alikuwa ameanza pia kujikojolea, na asubuhi alishikilia fremu ya mlango wa bafu kwa mikono miwili. "Sitaki bafu," aliniambia. Nikamjibu kwamba kila mtu anaoga, hata rais. Alilirudia siku nyingine, nikamwambia aache deko. Mambo hayo nayasema kama yalivyokuwa.

Siku ya kikao tuliingia watu watatu kwenye chumba kidogo chenye meza ya duara: mimi, Kidosho na Sista. Afisa alikuwa dada mnene mwenye miwani ya kamba. Alimpa Kidosho mkono kwanza, kabla yangu.

"Shikamoo," Kidosho alisema.

"Marahaba, lakini usinizeeshe. Leo wewe ndiye mwenyekiti. Unapenda kukaa wapi?"

Nikashika sikio.

"Nyumbani," alisema Kidosho. Hata ndiyo hakuitumia. Nikapumua.

"Na Makao?"

Nikakuna pua.

"Hapana."

"Haya. Huyu Sista anakusaidia kuoga. Unataka aendelee?"

Nikashika sikio.

Kidosho alinitazama. Akamtazama Sista, ambaye alikuwa anatabasamu huku mkoba umekaa wima mapajani. Nikasikia feni ya dari ikikwaruza. Nikavuta sikio kwa nguvu zaidi. Jasho lilimtoka Kidosho juu ya mdomo, vidole vikaanza kutetemeka, na mimi nikawaza mambo mawili kwa pamoja: kifafa, na kalamu ya afisa.

"Mtoto ana haya," Sista alisema kwa sauti tamu. "Sisi ni marafiki, si ndiyo mpenzi?"

Kidosho alinyoosha mkono, akaushika mkono wangu uliokuwa sikioni, akaushusha mezani na kuubana pale kwa uzito wake wote.

"Hapana," alisema. "Anafunga. Anazima taa. Anaondoka."

"Anafunga nini?" afisa aliuliza.

"Bafu. Mimi ndani."

Nikaona bafu letu, sakafu ya saruji, ndoo iliyojaa, giza, na mwanangu ndani yake. Tangu lini? Mara ngapi?

Sista alicheka. "Jamani, watu hawa wanasimulia ndoto. Mama Kidosho, si unajua?"

Nilifungua mdomo. Afisa aliinua kiganja.

"Naomba nibaki na mwenyekiti. Nyote wawili tokeni."

"Mimi ni mama yake," nilisema.

Afisa alimgeukia Kidosho. "Mama abaki au atoke?"

"Mama nje."

Koridoni kulikuwa na benchi moja tu, kwa hiyo tulikaa pamoja. Ndani nilisikia sauti ya afisa, kisha Kidosho akaanza kulia. Kilio chake nakijua. Kile hakikuwa cha maumivu, kilikuwa cha kutafuta neno na kulikosa. Akilia hivyo mbele ya afisa, nani angeandika kwamba anaweza?

Sista alinisogelea. "Dada, wataandika hawezi. Kesho wanakuja na gari la Makao. Ingia umsemee. Sema amechanganyikiwa, mimi na wewe tutaelewana."

Nilisimama. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kitasa. Kitasa kilikuwa cha baridi, na mlango haukuwa umefungwa. Sekunde moja tu ya kusukuma, na ningekuwa nimeketi kando yake namjibia kama nilivyomjibia miaka yote. Ni kweli nilitaka. Hofu ya Makao ilikuwa kubwa kuliko hofu ya Sista, na aibu ya jambo hilo bado ninayo.

"Tena ilikuwa dakika tano tu," Sista aliongeza nyuma yangu. "Anarusha maji ovyo. Nami nina simu za kupiga, mimi si mashine."

Nikaachia kitasa.

"Dakika tano," nilisema. "Muuguzi mzima. Unajua kifafa kinahitaji dakika ngapi?"

"Usinipandishie sauti."

"Bado sijaipandisha. Nipe ufunguo wa nyumba yangu. Sasa hivi."

"Utanitafuta, wewe. Utanilamba miguu."

"Weka ufunguo hapa, dada, kabla sijasahau kwamba nimesoma."

Aliutupa kwenye benchi na kuondoka, viatu vyake safi vikigonga sakafu mpaka mwisho wa korido. Nikaegemea ukuta. Ndani kilio kilikuwa kimekoma. Hilo lilinitisha zaidi. Nilihesabu mpaka mia mbili. Nikaanza upya.

Afisa alipofungua mlango alikuwa ameshika karatasi tatu. Nikamweleza aliyoyasema Sista, neno kwa neno. Akayaandika, akasema yatafika polisi na kwenye baraza la wauguzi. Kisha akanisomea mpango. Kidosho anabaki nyumbani. Atachagua msaidizi mpya mwenyewe, na atasaidiwa kuchagua na shangazi yake, ambaye pia atamwogesha mpaka msaidizi apatikane. Msaidizi huyo na shangazi watakaguliwa kazi yao baada ya miezi mitatu.

Shangazi huyo ni wifi yangu, fundi cherehani, mtu wa kucheka sana. Mimi na yeye ni paka na panya.

"Hata mimi naweza kumwogesha," nilisema.

"Nilimuuliza. Anasema wewe alikwambia hataki bafu, hukumsikia."

Kidosho alitoka macho yamevimba, akashika mkoba wangu kama kawaida yake tunapovuka barabara.

"Shangazi anajua kifafa?" nilimuuliza nje. "Anajua ulale ubavu gani?"

"Nitamwonyesha."

"Na ukianguka kabla hujamwonyesha?"

Alifikiri. "Sijui," alisema. "Wewe nenda kazini."

Asubuhi wifi alifika saa moja na robo, amechelewa, anatafuna karanga. Nikaenda kazini. Niliiweka simu juu ya daftari la stoo, kioo juu. Mpaka saa nne ilikuwa haijalia, na sikujua kama hiyo ni habari njema.