Mbuzi wa Kozi

Kengele ililia gizani, kavu, halafu ikanyamaza. Haikuwa kengele hasa. Lilikuwa kopo kuukuu la mafuta ya kupikia lenye msumari ndani, limefungwa shingoni mwa mbuzi. Kila alfajiri mbuzi alipojikuna ukutani, Nzilani aliamka akamkamulia bintiye, Mumbua, kikombe cha maziwa. Tangu surua ya mwaka jana, asubuhi mtoto hakuwa akishika kitu kingine tumboni.

Leo alimkamua mapema. Kisha akamwita jirani aje na kisu.

Huku milimani juu ya Mukuyuni, anayekuja kukagua kazi ya mtu hula kwa mtu huyo, na halishwi mboga, huchinjiwa. Ukame ulikuwa umemwachia Nzilani mbuzi huyu tu. Mabwawa ya mchanga yote ya bonde lile, yanayoweka maji ndani ya mchanga wa mto, aliyasimamia yeye, tangu akina mama wa mwethya, kikundi chao cha kazi ya pamoja, walipobeba jiwe la kwanza. Lakini alilipwa kibarua, kwa kuwa kusoma kwake kulikuwa kwa ngumbaru, masomo ya watu wazima, jioni, kanisani, mtoto mgongoni. Sasa kulikuwa na kozi Nairobi, ya wasimamizi wa miradi wenye uzoefu. Anayerudi na cheti anaandikwa kazi ya kudumu. Nafasi ilikuwa moja, na kamati ya mradi ndiyo ya kuamua, baada ya kukagua.

Kamati ilikuja na Landrova. Mwenyekiti Muthama alishuka kwanza, tumbo mbele, akifuatwa na kijana wa viatu vyeupe. Mtoni hawakuteremka. Muthama alilitazama bwawa akiwa barabarani, mkono juu ya macho.

"Bwawa zuri. Nyama imeiva?"

Walikula hadi mafuta yakawatiririka vifundoni mwa mikono. Muthama alipangusa vidole kwenye kitambaa cha meza ambacho Nzilani alikishona mwenyewe, akageuza upande wa pili, akapangusa tena. Mumbua alisimama pembeni akihesabu mifupa iliyotupwa chini. Hakuna aliyempa kipande.

"Mama Mumbua, kazi yako tumeiona."

"Asante, Mwenyekiti. Na ile kozi?"

"Kozi!" Alifyonza uboho, ukatoa mlio wa mguu unaong'oka topeni. "Wewe kozi ya nini, mama? Uzoefu si unao? Anayepelekwa shule ni asiyejua. Huyu Musembi, mtoto wa dada yangu, hajui kitu. Ndiye wa kusaidiwa."

"Kweli, mjomba," Musembi akasema, akichokoa meno. "Mimi sijui kitu."

"Lakini tangazo linasema wenye uzoefu."

"Ndiyo maana nimemleta kwako! Atembee nawe mpaka Ijumaa. Jumatatu anaenda akiwa mzoefu."

Mlangoni walikuwa wamesimama akina mama wa mwethya, vumbi la mawe nyweleni. Mmoja akasema kwa sauti, "Hata mawe ya bwawa yana uzoefu, Mwenyekiti. Yapakie nayo."

Wakacheka. Muthama akacheka kuwashinda wote, tumbo likitikisa meza, kisha akachukua ubavu mwingine.

"Usijali, mama," Musembi akamwambia Nzilani. "Nikirudi nitakuwa mkubwa wako, lakini sitakusumbua. Kazi utaendelea nayo vilevile."

"Lazima aendelee," Muthama akadakia. "Mradi huu bila yeye si utaanguka? Nani hajui?"

 Nzilani aliikumbuka ile kazi ya kibarua, ambayo nayo ilikuwa mkononi mwa mtu huyu, akainama kuokota mifupa.

"Na huo mguu uliobaki nifungie," Muthama alisema akinyanyuka. "Mke wangu naye ni mtu wa kamati."

Nzilani akaufunga kwa gazeti. Mafuta yalipenya upesi, yakamlowesha viganja, na ingawa baadaye alivisugua kwa majivu, harufu haikutoka. Ngozi pia waliichukua. Musembi alimwomba maji ya kuoshea viatu, akapewa.

Alfajiri iliyofuata Nzilani aliamka kwa mazoea, akalala akisikiliza. Kopo lilining'inia msumarini karibu na mlango, kimya. Mtoto hakuwa kitandani. Alimkuta uani, peku, mbele ya zizi tupu, ameshika kikombe kwa mikono yote miwili. Barabarani honi ya Landrova ilikuwa inalia: Musembi alikuja kuchukua uzoefu.

Mumbua aligeuka.

"Mama, wamekula maziwa yangu."