Moto wa Makapi ya Mpunga

Kiangazi cha mwaka wa tisini na tisa, mwanamke wa mji wa Baraka, kando ya ziwa, aliyepanda mlimani kutafuta kuni hakujua kama angeshuka. Watu wenye bunduki walikuwa wametanda huko. Florentine alipanda na shemeji yake Pulchérie, na risasi zilipolia akatupa mzigo, akakimbia. Pulchérie alirudi kesho yake akichechemea, na tangu hapo hakusema neno.

"Mi sirudi tena ku mulima," Florentine aliwaambia watoto wake wanne, Divine na wadogo zake, akawagawia mihogo mibichi watafune. Siku tatu jiko lilikuwa baridi.

Siku ya nne, asubuhi, jirani yake Haruna, fundi wa mitumbwi, alibisha hodi mlangoni kwa Florentine. Alibeba debe tupu la mafuta ya msaada, gunia la makapi ya mpunga, na chupa tupu ya bia. Florentine akatabasamu kuona chupa ile mkononi mwa Mwislamu.

"Mama Divine, batoto balikula?"

"Balikula nini, baba? Kuni iko wapi?"

"Kuni ni hii."

Makapi! Yalijaa nyuma ya kila kinu, kuku wakiyachakura tu. Lakini Haruna alitoboa tundu chini ubavuni mwa debe, akapenyeza kijiti kinene, akasimamisha chupa katikati, akashindilia makapi pembeni kwa ngumi. Kisha akachomoa chupa na kijiti taratibu, njia ya hewa ikabaki. Akawasha. Ukatoka moshi mtupu, watoto wakakohoa.

"Bado iko na maji ndani," alisema. "Tuanike."

Jua la kiangazi lilifanya kazi yake. Alasiri wakashindilia upya, na moto ukapanda katikati ya debe, ukinguruma polepole. Florentine akasonga bugali, akachemsha ndakala, wale dagaa wa ziwani, akateleka na maharage; yakaiva, na moto bado unawaka. Watoto walikula bila kuinua vichwa. Machozi yakamtoka.

"Baba Haruna, nakosa namna ya kusema aksanti."

"Aksanti ni ya kwangu," alijibu Haruna. "Wakati tulikimbilia Kigoma, mama yangu alikataa kupanda bwato. Ulimupikia mpaka siku alikufa, kuni yake ukibeba ku kichwa chako. Kule Kigoma niliona maseremala banapika na maranda hivi. Nikasema, siku nikirudi, nitamuonyesha Florentine."

 Kwa Florentine halikuwa jambo la kukumbukwa: mama mzee alikuwa na njaa, na chungu kilikuwepo.

Kesho yake alimpelekea Pulchérie debe. Wakashindilia pamoja, bega kwa bega, mpaka Pulchérie akafungua kinywa: "Kaza kabisa, dada. Hapa iko wazi."

Vita havikwisha mwaka ule, wala uliofuata. Lakini mtaani kwao hakuna mwanamke aliyepanda tena mlimani kiangazi kile. Jumapili moja, padri alipowaita wenye shukrani, Florentine alisimama kanisani akamtaja Haruna kwa sauti kubwa, na watu wakapiga makofi.