Viatu vya Ngazi

Cornelia walimtoa ghalani juu ya turubai lile lile wanalofunikia mahindi. Vibarua wanne walishika pembe, naye aliuma ncha ya khanga yake asipige kelele. Ngazi aliyoanguka nayo ilibaki imelala sakafuni. Bajaji iliyombeba haijatoka hata getini, nyapara Yonas alikuwa amekwisha kuiinua ngazi ile, ameiegemeza tena kwenye rundo la magunia na kuitikisa kidogo.

"Nani anapanda?" aliuliza. "Kuna magunia yanavuja kule juu."

Isdori alikuwa amesimama mlangoni na hotipoti ya ugali wa ulezi. Alikuwa amemletea mkewe, Evodia, chakula cha mchana. Alimwona Evodia akichomeka sindano ya kushonea magunia kwenye kilemba chake, akazungusha uzi wa katani shingoni, kisha akaweka mguu kwenye kidato cha kwanza. Wanawake wenzake waliinama wakajifanya wanazoa chenga. Hakuna aliyewalaumu, kwa sababu asubuhi ile ile Evodia naye aliinama hivyo hivyo, Cornelia akapanda.

Isdori hakumtazama mkewe. Alitazama chini, pale miguu ya ngazi ilipogusa saruji. Saruji yenyewe ilisuguliwa ikang'aa, na juu yake lilitanda vumbi la mahindi na punje zinazoviringika kila zikikanyagwa. Miguu ya ngazi ilikuwa miti mitupu ya mkaratusi iliyolika mpaka ikawa mviringo. Evodia alipofika katikati, mguu wa kushoto ulisogea upana wa kidole, ukatulia.

Usiku alimwambia asiende tena.

"Baba Bertilla, nisipoenda tutakula hizo katambuga zako?" Evodia aliuliza, wala si kwa hasira. "Na Bertilla shule watamwacha akae bweni kwa jina zuri la babake?"

Isdori alikuwa fundi wa katambuga, viatu vya matairi, na kibanda chake kilikuwa Mazwi, pembeni ya barabara. Zamani wafugaji waliohamia bonde la Rukwa na ng'ombe wao walikuwa wakipandisha mlima kuja kumnunulia, kwa sababu mwiba wa kule haupenyi tairi. Siku hizi viatu vya plastiki vinawafuata huko huko bondeni, vya rangi zote, na kibanda cha Isdori kilikuwa kinapigwa na upepo tu. Nyumba ilikuwa inaishi kwa sindano ya Evodia. Isdori mwenyewe alilijua hilo, na lilimuuma.

Lakini mtu aliyekata soli maisha yake yote akiona mguu unateleza, anafikiria kiatu. Asubuhi yake alikata kipande cha tairi, akakipigilia misumari chini ya mti wa kujaribia. Hakikufaa kitu. Ngazi husimama kwa kuegemea, kwa hiyo ukingo wa mpira tu ndio uliogusa chini, na mti ukateleza vibaya kuliko mwanzo. Alikaa siku nzima akiutazama. Jioni, alipokuwa akichuchumaa na kuinuka, aliona jibu kwenye mguu wake mwenyewe: unyayo unabaki chini, kifundo ndicho kinachokunja.

Alikwenda kwa Godbless, mchomeleaji wa jirani, wakaokota mabaki ya bomba la chuma. Wakakata vikofia vya kuvalisha ncha za ngazi, na chini ya kila kikofia wakaning'iniza bamba kwa bolti ili liweze kulala bapa ngazi ikae mshazari wowote. Kwenye bamba Isdori alifunga mpira wa tairi la lori. Akauchonga mifereji inayotokeza mpaka ukingoni, kwa sababu mfereji uliozibwa hujaa vumbi, na ukishajaa ni sawa na kutokuwepo. Akamwaga chenga za mahindi kwenye baraza ya jirani, akaazima ngazi ndogo, akaivalisha, akapanda, akarukaruka juu yake. Haikusogea. Isdori alicheka peke yake pale juu, na watu waliopita walidhani zile zilikuwa pombe.

Asubuhi alimpelekea meneja jozi moja ofisini. Meneja, bwana Mbonile, alikuwa na umri wa mdogo wake Isdori wa mwisho.

"Shikamoo, bosi," Isdori alisema.

"Marahaba." Mbonile hakuinua macho kwenye simu. Kisha alikichukua kiatu, akakibonyeza kwa dole gumba, akakizungusha. Sura ilimbadilika. "Umetengeneza wewe?"

"Mimi, bosi. Ni vya ngazi. Ili akina mama wasianguke."

"Safi sana. Wiki ijayo tuna mkaguzi, anatumwa na wanunuzi wa nje. Mwaka jana ngazi ndizo zilizotusumbua. Zivalishe zote mbili kabla hajafika." Akakirudisha kiatu mezani. "Yule mama aliyeanguka anaendeleaje?"

"Bado amelala, bosi. Nyonga imevunjika. Ndugu zake wamempeleka kwao Kaengesa."

"Tunamwombea," Mbonile alisema, akarudi kwenye simu.

Bomba la Godbless lilikuwa jembamba kuliko miguu ya ngazi za ghala, na bomba nene hawakulipata. Isdori akachukua panga, akachonga miguu yote minne mpaka ikaingia kwenye vikofia, kama mpini unavyochongwa kuingia kwenye jembe. Akatoboa, akapitisha bolti, akakaza nati kwa nguvu zake zote.

"Sasa ngazi imevaa, sisi tunapanda peku," alisema Debora, mshonaji mwingine, na wanawake wote wakacheka mpaka Yonas akakohoa. Evodia alipanda wa kwanza. Alipanda haraka, bila kupapasa, na alipofika juu alimtazama mumewe kwa namna ambayo hakuwa amemtazama kwa miaka. Wiki ile Isdori alilala usingizi.

Mkaguzi alikuja na kofia ngumu na koti la kuakisi mwanga. Alitazama chaga zilizobeba magunia, akanusa dawa, akafika kwenye ngazi. Akakipiga teke kiatu kimoja, kisha kingine. Akachuchumaa, akapiga picha.

"Hii nimeipenda," alisema.

"Usalama wa wafanyakazi wetu ndio kitu cha kwanza," Mbonile alimjibu.

Isdori alikuwa nyuma ya rundo, alikoambiwa akae. Alisikia yote, na hakuona ubaya kwamba jina lake halikutajwa. Evodia alikuwa na pa kukanyaga. Hilo lilimtosha.

Gari la mkaguzi lilipoondoka, Yonas alimjia na spana.

"Mzee, vifungue."

"Nifungue nini?"

"Viatu. Kesho mkaguzi anashuka Muze, kule bondeni. Tuna ghala kule, na ngazi za kule hazina kitu. Gari letu linatangulia jioni hii."

Isdori alidhani anataniwa. Alipoona Yonas hacheki, alikwenda ofisini bila kubisha hodi, kitu ambacho hakuwahi kufanya maishani.

"Bosi, vile viatu havitoki. Miguu nimeichonga. Vikitoka, ngazi zitasimama kwa ncha. Zitakuwa mbaya kuliko zilivyokuwa siku ya Cornelia."

Mbonile aliweka simu chini. "Umeichonga?"

"Ili iingie, bosi."

"Nani alikutuma uchonge ngazi za ghala?"

"Ulisema nizivalishe."

"Nilisema uzivalishe. Sikusema uziharibu." Alizungumza taratibu, kama mtu anayemwelewesha mtoto. "Hiyo ni mali ya kampuni, fundi. Nikitaka kukuweka ndani nakuweka. Lakini wewe ni mtu mzima, na mkeo anafanya kazi vizuri. Pale getini kuna akina mama wangapi wanaisubiri nafasi yake?"

"Basi nitengeneze vingine, bosi. Nipe siku chache tu."

"Usizitengeneze tena ngazi zangu. Panga lako nisilione hapa."

"Na hivi vikitoka Muze, vitarudi?"

"Vitarudi. Mkaguzi ana maghala mengine ya kuzungukia, na sisi tuna mengine. Vikimaliza vitarudi." Akachukua simu. "Kama una wasiwasi sana, njoo uwe unamshikia mkeo. Sikukatazi."

Kazi ya kufungua alipewa yeye, kwa kuwa alizikaza nati mwenyewe na mwingine angezivunja. Na kweli alifikiria kuzivunja. Alifikiria kuipinda bolti moja tu, kidogo, viatu vigande pale milele. Spana ilikuwa mkononi mwake na Yonas alikuwa amegeuka. Evodia alimwona kutoka alikosimama na ufagio, akatikisa kichwa. Isdori akazilegeza nati moja baada ya nyingine. Miguu ya ngazi ikatokeza mieupe, myembamba, na alama za panga lake zilionekana wazi.

"Zikateni hizo ncha basi," alisema.

"Tukizikata hazifiki juu," Yonas alijibu, akavitia viatu kwenye kiroba.

Kesho yake hakufungua kibanda. Baridi ya Juni ilikuwa inauma mikono alipoingia ghalani pamoja na mkewe. Alikaa sakafuni, mgongo kwenye chaga, akazikanyagia ncha mbili za ngazi kwa nyayo zake, akaishika miti kwa mikono. Kwa kazi hiyo halipwi na mtu. Evodia alipanda. Isdori alisikia uzito wake ukishuka kidato kwa kidato mpaka kwenye visigino vyake, na kila aliposogea juu, ncha zilisukuma zikitafuta pa kwenda. Alizizuia. Siku ilikuwa bado mbichi.

"Debora," Yonas aliita kutoka upande wa pili. "Safu hii inavuja. Panda."

Debora aliitazama ngazi ya pili. Kisha alimtazama Isdori.

"Baba Bertilla, nishikie na mimi."

"Subiri mama Bertilla ashuke. Nakuja."

"Lori linapakia sasa hivi," Yonas alisema.

"Basi mshikie wewe, nyapara. Dakika moja tu."

"Mimi ni nyapara," Yonas alisema.

Debora alivua kandambili zake akaziweka pembeni. Alichomeka sindano kwenye kilemba, akazungusha uzi shingoni. Isdori aliinua kisigino kimoja, ngazi ya mkewe ikasogea, na Evodia akamwita kwa sauti ndogo kutoka juu. Akakirudisha kisigino chini.

Kule upande wa pili Debora alikuwa amepita kidato cha nne. Isdori alisikia ncha zikikwaruza saruji, zikanyamaza, zikakwaruza tena. Alifumba macho, akaikaza ngazi ya mkewe.