Waya wa Boila

Kiwandani walimwita Nimeshasema, kwa kuwa ndivyo alivyofunga kila mazungumzo. Meneja mwenyewe alijua, na jina lilimpendeza. Enzi hizo kila kitu chake kilimpendeza, kuanzia kiti mpaka kitambi.

Leo aliketi kwenye chumba cha uchunguzi, mbele ya mkaguzi wa ajali.

Wiki tatu nyuma wageni walikuja kukitazama kiwanda cha sabuni. Ndiyo kwanza ananoga na hotuba, boila ikapiga mluzi. Mluzi ule hutoka kwenye kilango kinachopunguza mvuke ukizidi. Wageni wakacheka. Akamfuata fundi wa boila, mume wa dada yake, uso umemvimba.

"Kifunge hicho."

"Shemeji, hiki hakifungwi. Mvuke utatokea wapi?"

"Hapa kazini mimi si shemeji yako. Kifunge kwa waya. Nimeshasema."

Fundi akafunga. Hotuba ikaisha, makofi yakapigwa, meneja akaondoka na wageni kwenda kula, waya kausahau kabisa. Fundi akabaki pale akingoja ruhusa ya kuufungua, maana miaka mingi hakuna aliyethubutu kugusa kitu bila ruhusa ya meneja. Bomba likapasuka. Mvuke ukamuunguza mikono yote miwili.

Ripoti iliyokuwa mezani ilisema: uzembe wa fundi. Ilibaki sahihi ya meneja tu, na shemeji yake angefukuzwa kazi. Meneja alikumbuka alivyomwona jana dada yake akimlisha mumewe kwa kijiko bila kuinua macho kumtazama kaka yake. Aibu ilimla mzima mzima.

"Nani alifunga waya?" mkaguzi aliuliza.

"Mimi," fundi alijibu, bandeji mpaka viwikoni.

"Kwa amri ya nani?"

Fundi akamtazama meneja. Hata sasa alikuwa anangoja ruhusa.

"Yangu," meneja akasema. "Alinikataza, nikamlazimisha."

Mkaguzi akaweka kalamu chini. "Unajua maana yake? Kazi huna tena."

"Najua."

Akasukuma ripoti pembeni, akainuka, akaenda kumfungulia fundi mlango, kwani mwenzake hakuweza kushika kitasa. Wakasimama uso kwa uso. Alitamani aitwe shemeji, mara moja tu.

Fundi hakupita. Aliinamisha kichwa kama siku zote.

"Naweza kwenda, bosi?" akauliza.