Upinde Uliobaki Ukutani

Kitanda kilikuwa juu ya gari, magodoro juu ya kitanda, kuku ndani ya tenga juu ya magodoro, na Fundi mwenyewe amekaa mbele, sufuria mapajani, uso ameuelekeza njiani kama mtu anayeona. Injini ilikuwa inanguruma. Dereva alikuwa mkwe wao, mume wa binti yao wa pekee, kijana mwema lakini asiye na subira.

"Mama, twende! Jua halitungoji!"

Mke wa Fundi alikuwa amerudi ndani kuchungulia kama kuna kilichosahaulika. Majirani walimwita Mama Vuta, na si kwa ubaya. Fundi alichonga pinde maisha yake yote katika chumba kile cha mbele, na mtaa mzima ulizoea sauti yake: "Vuta! Vuta kidogo! Basi, achia!" Aliyevuta ni mkewe.

Chumba kilikuwa kitupu, ndala za Mama Vuta zinatoa mwangwi. Kilichobaki ni kigogo kilichopigiliwa ukutani, juu kupita kichwa cha mtu, mahali upinde ulipolazwa ili uvutwe kwa kamba kwenda chini. Na juu ya kigogo, umejaa vumbi, upinde wa mwisho. Umbo ulishapata, ulibakia kufundishwa kupinda. Hapo ndipo macho ya Fundi yalipomtupa mkono.

"Uache huo," Fundi alisema kutoka garini, kana kwamba ameuona. "Atakayekuja atakokea moto."

Mama Vuta angeuacha, lakini neno la jana lilikuwa bado linamchoma. Mkwe aliuliza, kwa wema tu, baba angependa chumba kipi kule kwao. Fundi akajibu: "Niweke popote, mwanangu. Mzigo hauchagui stoo." Mtu aliyekuwa akifukuza wateja waliosema tu kwamba upinde wake ni mzito! Mama Vuta akaapa kimoyomoyo: mume wangu haingii nyumba ya binti yake kama gunia. Ataingia ameshika kazi ya mikono yake, la sivyo tunalala hapa hapa.

Akatoka, akapitisha mkono dirishani, akachomoa ufunguo wa gari, akautia kifuani, mahali ambapo mkwe hawezi kuufuata.

"Mama!"

"Fungua kamba. Sanduku la zana liko chini ya kitanda."

"Chini ya kitanda? Hiyo si ndiyo kushusha kila kitu?"

"Mikono unayo."

Fundi hakugeuka. "Nani atautazama, mke wangu? Mimi naona gari, naona mlango. Mpindo siuoni."

"Nitatazama mimi. Wewe utavuta."

"Kwa umri huu ujifunze kutazama? Samaki mkunje angali mbichi."

"Hayo ni ya wavuvi. Wewe umekunja vikavu maisha yako yote, leo ndio unaniletea methali?"

Mkwe akacheka, akajifanya anakohoa. Fundi akashuka.

Sasa, jambo ambalo mtu wa nje halijui ni hili: anayevuta haoni. Yeye yuko chini ya upinde, kamba mikononi, shingo inamuuma. Mpindo anauona aliyeegemea ukuta wa pili. Mama Vuta alikuwa amevuta pinde nyingi kuliko mvi zake, na hakuna hata mmoja aliowahi kuuona ukipinda.

Fundi akavuta. Nyuma chokaa nyeupe, mbele mti mweusi, na mikono miwili ya upinde ikaanza kushuka, mmoja unaitika, mwingine umekaza shingo. Mama Vuta akasahau kusema.

"Vipi, umelala?"

"Ni mzuri, baba. Kumbe hiki ndicho ulichokuwa ukikitazama peke yako?"

"Sikuuliza uzuri. Upi umegoma?"

"Wa kulia. Hapo katikati, kama shubiri moja. Umekaa kama bwana harusi, unangoja wengine wafanye kazi."

Zamani Fundi alichora kwa chaki mahali pa kukwangua. Chaki ilikuwa imefungwa huko kwenye mizigo, nani ataitafuta? Mama Vuta akaokota kaa jikoni, akachora mstari huku na huku, akampa upinde na kigae cha chupa.

"Umeiona alama?"

"Naiona."

Akaulaza mapajani, akakwangua. Nyuzi za mti zikadondoka nyembamba kama ganda la kitunguu. Wakaurudisha ukutani, akavuta, na Mama Vuta akapiga ukelele.

"Achia! Achia!"

Haukuvunjika. Lakini mkono wa kulia ulikuwa umepinda pahali pamoja, karibu na mshikio, kama goti.

"Umekwangua wapi wewe?"

"Penye alama yako. Hiyo chaki si nyeupe pee? Mimi si kipofu."

Mkwe, aliyekuwa mlangoni na godoro kichwani, akatazama vidole vya mama mkwe wake. Vyeusi tititi.

"Baba," akasema taratibu, "mama ametumia makaa."

Fundi akakaa chini, palepale sakafuni. "Basi nimeuua. Twendeni."

Mama Vuta hakumbembeleza. "Goti halirudishiwi nyama. Tutapunguza kwingine kote mpaka kulingane nalo."

"Nani kakufundisha hayo?"

"Wewe, ukifokea ukuta. Masikio nilikuwa nayo."

"Utakuwa laini. Hautakuwa upinde wa mwanamume."

"Nani kataka wa mwanamume?"

Akachana pindo la kitambaa chake cha kichwa, akafunga fundo la kwanza mahali pa kuanzia, la pili mahali pa kuishia. "Shika. Kutoka fundo hadi fundo. Ukiwa huoni, sema huoni."

Kidole gumba cha Fundi kikaligusa fundo, kikatambaa juu ya mti, kikalipata la pili. Akakamata kigae. Toka hapo alama za kuchora hazikuhitajika tena. Alikwangua, akavuta, mkewe alitazama, akahamisha mafundo. "Vuta!" sauti ya kike ikatoka dirishani. "Basi! Achia!"

Jirani akapaza sauti ng'ambo ya ukuta: "Leo nani anamvutisha nani?"

"Leo zamu yake!"

Alasiri mikono yote miwili ikashuka pamoja, mviringo mmoja, kama mkono wa ndoo.

"Umekubali," Mama Vuta akasema.

"Usiseme kwa haraka."

"Nimekuvutia miaka yote hiyo bila haraka. Umekubali."

Fundi akautia upote, uzi wake wa kudumu, akaujaribu mpaka sikioni. Laini kweli. Akampa mkewe, pamoja na mshale mmoja. "Vuta, basi. Leo bila ukuta."

Mkewe akavuta, akaachia. Mshale ukaingia kwenye ubao wa mlango, ukabaki unatetemeka. Fundi aliusikia, akanyoosha mgongo.

Mizigo ikapakiwa upya, ufunguo ukarudi, na sufuria wakabebeshwa kuku, juu ya tenga lao. Fundi alikaa mbele, upinde wima kati ya magoti, na walipofika, binti yake alipokuja kumshika mkono amshushe, alimpa upinde kwanza. "Pokea kazi. Nimechonga mimi, ametazama mama yako."

Mwaka uliofuata macho yake yaliisha kabisa. Aliendelea kuchonga kwa mafundo mpaka mikono ilipochoka. Huko mtaa mpya, ukibisha hodi ukamwulizia Fundi, walitoka wote wawili. Mkwe alinunua gari jingine. Ufunguo hauachi tena karibu na dirisha. Binti hupiga upinde ule siku za mapumziko, si vizuri sana. Kuku wote walifika. Mshale uko kwenye mlango wa nyumba ya zamani hadi leo. Mpangaji mpya hutundika kofia hapo.