Maswali Ishirini, Dakika Saba

Fomu ile niliiandika mimi. Naanza na hilo ili usije ukanihurumia mapema. Maswali ishirini, kila moja lina alama kuanzia sifuri mpaka tatu. Jumla ikifika thelathini unamwona daktari siku hiyo hiyo. Ikiwa chini ya hapo unapewa kipeperushi na kuambiwa urudi baada ya miezi mitatu.

Kabla yangu, kliniki yetu ya afya ya akili ilikuwa na milango miwili: watu wazima ghorofani, wazee nyuma karibu na stoo, na kila upande una mafaili yake na uvivu wake. Mimi, mratibu wa maboresho, niliunganisha yote. Mlango mmoja, fomu moja, dakika saba kwa kila mtu. Nilipigiwa makofi nikavimba kichwa.

Asiyepiga makofi alikuwa muuguzi mkuu, tuliyezoea kumwita Bi Taratibu. "Zamani tulikuwa tunaongea nao kwanza," alisema kikaoni. Nikamjibu kwamba maongezi yasiyo ya lazima ndiyo yanayojaza foleni. Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Mwaka uliofuata nikaanza kuugua mimi. Hata sababu sikuwa nayo, na hilo ndilo lililoniaibisha zaidi. Mke wangu mzima, watoto wanapiga simu, paa halivuji. Lakini asubuhi nilikuwa nakaa bafuni na mswaki mkononi, nikiutazama kama mtihani wa hesabu. Ofisini nilisoma sentensi moja hadi chai ikapoa. Kisha likaja wazo kwamba nisipokuwepo hakuna kitakachoharibika. Lilikuja kimya kimya, kwa adabu, likazoea nyumba. Siku lilipoanza kuchagua tarehe niliogopa kwelikweli. Nikapiga moyo konde, nikaenda kuchukua namba kama mgonjwa.

Nilivaa miwani ya jua ili nisijulikane. Mlinzi akanisalimu kutoka getini, "Shikamoo, mratibu."

Ndani, Bi Taratibu aliinua macho. "Karibu. Umekuja kukagua?"

"Nimekuja kuulizwa."

Hakushangaa, au alijua kuficha. Alichukua fomu, akaanza. Na hapo ndipo utajua mimi ni mtu wa aina gani: badala ya kujibu, nilikuwa napiga hesabu. Usingizi, moja. Hamu ya chakula, moja. Uchovu, mbili, maana hata wakubwa wanaruhusiwa kuchoka. Sikutaka alama za mtu aliyeshindwa, kwenye fomu yangu mwenyewe, mbele ya mwanamke niliyemcheka kikaoni.

"La kumi na saba," alisema. "Umewahi kuona afadhali usingekuwepo?"

Swali hilo tulilibishania nusu siku. Mimi ndiye niliyeshinda, nikidai kwamba maneno hayo yana heshima na hayamtishi mtu.

"Sifuri," nikasema. Hata sauti haikutetemeka.

Jumla ilikuwa kumi na nne. Bi Taratibu aliitazama namba, akanitazama mimi. "Hakuna jingine?"

"Hakuna."

Akanipa kipeperushi. Tembea nusu saa kila siku. Kula matunda. Zungumza na mtu unayemwamini. Hilo la mwisho nililiongeza mwenyewe ili ukurasa ujae.

Nje nikakaa kwenye benchi pembeni ya mzee mmoja, fundi seremala mstaafu. Alikuwa na vipeperushi kama changu mfukoni mwa shati, vimekunjwa vizuri.

"Na wewe wamekupa?" aliuliza.

"Wamenipa, mzee."

"Mimi hiki cha tatu. Kwa matunda niliyokula, ningekuwa nimeshaota majani."

Nikamuuliza anasumbuliwa na nini. Akasema tangu mkewe afariki halali, chakula anakitazama tu, na jioni hujikuta akizungumza na kiti kitupu.

"Na hayo uliwaambia pale ndani?"

"Ah, wapi. Binti wa watu ananiuliza hali, nimwambie mbaya? Namwambia nzuri. Zamani ukishasema nzuri alikuwa anatulia, anakutazama, na wewe ndipo unasema, nzuri, ila. Siku hizi kabla hujafika kwenye ila, namba ya mwenzako imeshaitwa."

Hakujua anazungumza na nani. Nilitamani ardhi inimeze. Mwaka mzima nilikuwa nazunguka na takwimu zangu, nikiwaonyesha wakubwa jinsi watu wa mji huu walivyo wazima, hasa wazee. Kumbe walikuwa na adabu tu. Nilikuwa nimeifuta ila ya kila mtu, kisha nikaja na yangu, nikakuta hakuna mahali pa kuiweka.

Lakini sitajifanya nilisimama kwa ajili ya wazee. Nilisimama kwa sababu niliogopa kurudi nyumbani.

"Mzee, tafadhali usiondoke," nilimwambia, nikaingia bila namba. Mtu kwenye foleni akalalamika kwamba wakubwa ni wale wale. Alikuwa na haki.

Bi Taratibu alikuwa mlangoni, anataka kumwita anayefuata. "Umesahau kitu?"

"Nimekudanganya. La kumi na saba."

Aliwaomba watu radhi, akanivuta ndani, akafunga mlango. Kalamu hakuishika.

"Tatu?"

"Tatu."

"Umepanga lini?"

"Ijumaa."

Ilikuwa Jumatano. Alinyanyua simu, akamwita daktari, kisha akanidai namba ya mke wangu, nami nikaitaja kama mtoto aliyekamatwa. Nikamwambia kuhusu mzee aliyekaa nje, kwamba amesema nzuri mara tatu na hakuna hata mara moja iliyokuwa kweli.

"Ataingia," alisema. "Sasa ni zamu yako."

Alisogeza kiti chake akaja upande wangu wa meza. Fomu aliiacha ng'ambo.

"Haya. Hujambo?"

"Sijambo," nikasema, mratibu mzima, machozi yananidondokea mapajani.

Bi Taratibu alitulia, akanitazama, akasubiri.